Fuko Mkubwa Mwenye Fuko Kubwa

Bwana Rwegasira, muuza simu wa Bugene, Karagwe, alisema gemu hutengenezwa Japani na watu wanaokula kwa vijiti, na kwamba mtu anayekula ndizi kwa vidole hawezi kutengeneza gemu hata akikesha mwaka mzima. Wengine walikuwa na adabu kidogo. Walisema stashahada yangu ya kompyuta ingenifaa zaidi nikikaa Kayanga nichape barua za watu wanaoomba kazi, na kwamba kijana anayerudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta moja na fuko moja la mistari lililojaa nguo hakurudi kwa kupenda, Dar imemtema. Dereva wa bodaboda aliyenibeba kutoka stendi siku ile ya kwanza aliniuliza nimesomea nini. Nilipomwambia, aliendelea kuendesha mpaka mlangoni, kisha akasema, "Utapata tu kazi, kaka, usijali," kwa sauti ya mtu anayetoa pole ya msiba. Nayaandika haya bila kinyongo. Anayesimulia ushindi wake ni lazima awataje waliosimama upande wa pili, maana bila wao ushindi unakuwa matembezi tu.

Nimeyakumbuka mwezi uliopita, msibani kwa Mama Kokugonza, aliyekuwa mwenye nyumba wangu mwaka ule. Mwinjilisti alikuwa amemaliza neno lake, sufuria za ndizi zinaletwa chini ya turubai, watu wanazungumza kwa sauti ya chini juu ya barabara na bei ya maharage. Mara tukasikia kicheko cha marehemu. Sisemi kicheko kilichofanana na chake. Kilikuwa chake: kinaanza chini kama mtu anayekohoa, kinapanda, kinakatika ghafla kana kwamba mwenyewe amekumbuka jambo la maana, halafu kinamwagika chote kwa pamoja. Wanawake waliokuwa wakipakua walisimamisha miiko. Kicheko kilitoka kwenye simu ya dereva wa bodaboda aliyekaa nje ya uzio akisubiri abiria, akicheza gemu, tena gemu yangu mimi. Alipoinua macho akaona msiba mzima unamtazama, alihangaika kuizima. Binti mkubwa wa marehemu akamzuia. "Mwache mama acheke," alisema, na watu waliokuwa wakilia tangu asubuhi wakaanza kutabasamu mmoja baada ya mwingine. Wageni waliotoka mbali waliniuliza jioni ile kicheko cha mama wa Bugene kiliingiaje ndani ya simu za watu. Niliwajibu kwa kifupi, kwa sababu tulikuwa msibani. Hapa naweza kujibu kwa urefu.

Chumba alichonipa kilikuwa stoo yake ya kahawa. Mama Kokugonza alikuwa mjane, mnunuzi wa kahawa na maharage, mwanamke mnene mwenye sauti iliyofika barabarani bila yeye kuipandisha. Stoo ilikuwa nyuma ya nyumba, sakafu ya udongo, dirisha moja dogo lililotazama kibanja chake, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba kama ilivyo kawaida yetu. Kuta zilinuka kahawa ya msimu uliopita, na mpaka leo nikifungua gunia la kahawa mahali popote vidole vyangu vinataka kuchapa. Hakutaka kodi. Sharti lake lilikuwa moja, na alilitamka akiwa ameshika ufunguo juu ya kiganja changu bila kuuachia: "Chumba ni chako mpaka kahawa ianze kuingia. Ikiingia unatoka. Wewe na kahawa hamtalala pamoja." Nikajua hesabu yangu. Kahawa ikiwa nyekundu kabla sijamaliza, ningepanda basi kurudi Kariakoo, kwenye kile kibanda cha kutolea nakala nilichokikimbia, na Rwegasira angekuwa na hadithi ya kusimulia wateja maisha yake yote.

Mchana tulikula barazani, ndizi na maharage kwenye sinia moja kubwa, mimi na Mama na yeyote aliyepita wakati wa chakula. Asubuhi kulikuwa na wanawake waliokuja kuchambua maharage, nami niliwasikia kupitia ukuta wa stoo wakinijadili kana kwamba niko Uganda. Mmoja alisema yule kijana anagombana na mashine. Mwenzake akauliza kama huwa anacheza. Akajibiwa kwamba hachezi, anatengeneza mchezo. Yule wa pili akauliza kama kuna tofauti. Mama Kokugonza akawaambia tofauti ni ile iliyoko kati ya kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kuikamua kwa miguu, wakaelewa wote mara moja. Hata chuoni hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kazi yangu vizuri kiasi kile.

Adui wa gemu yangu nilimchagua kabla sijashuka kwenye basi. Kila mtu wa Karagwe na Kyerwa amewahi kuibiwa na fuko. Yeye ni wa ukoo wa panya, lakini panya aliyekataa kuishi kwa kuombaomba jikoni. Hukaa chini ya ardhi, hula mizizi, viazi na chochote ulichokizika ukidhani ni chako. Unaondoka asubuhi mgomba umesimama na mkungu wake, unarudi jioni umelala kifudifudi, na aliyeuangusha hujamwona wala hutamwona. Wenzangu chuoni walitengeneza gemu za magari na mizimu. Mimi niliwaza: mtu wa Kaisho ana uchungu gani na mzimu? Mpe fuko. Mpe kibanja, jembe na adui anayemjua, uone kama ataiweka simu chini.

Fuko wangu wa kwanza, hata hivyo, hakufaa. Nilimchora mwenyewe, akawa anakimbia juu ya ardhi kutoka mgomba huu kwenda ule, na mchezaji anamkimbiza na jembe. Nilimpelekea Rwegasira, kwa sababu ndiye aliyekuwa na simu za kuijaribia. Aliniazima moja ya zamani yenye kioo kilichopasuka, akisisitiza kwamba ananiazima ili nishindwe haraka, nisipoteze muda wa watu. Alicheza kidogo, akanirudishia. "Huyu ni panya wa dukani kwangu," alisema. "Nikimtaka namnunulia sumu. Hahitaji gemu." Vijana waliokaa kwenye benchi lake walicheka mpaka mmoja akalazimika kutoka nje.

Maneno hayo yalimfikia Nduwayo, mkulima wa Kaisho ambaye wazazi wake walitoka Burundi, aliyekuwa akimletea Mama Kokugonza maharage kwa gari la mizigo. Safari iliyofuata alishuka na magunia yake, na juu ya magunia kisanduku cha mbao kilichopigwa misumari, kimejazwa udongo. Ndani mlikuwa na fuko mzima, mwenye afya. "Nakuazima," alisema Nduwayo. "Sikupi, nakuazima. Usimle." Nilimuuliza atamtaka wa nini fuko aliyekwisha kumlia mihogo. Akasema hilo si langu, mali ya mtu ni mali ya mtu.

Nilikaa na mnyama yule stoo, na nasema bila haya kwamba sijawahi kumheshimu mwalimu yeyote kama nilivyomheshimu yeye. Manyoya yake ya kahawia yalilala laini upande wowote niliompapasa. Macho yalikuwa kama mbegu mbili za mchicha. Meno yake ya rangi ya chungwa yalitokeza nje ya midomo, hata akiwa amefunga kinywa, ndiyo maana huweza kuchimba kwa meno bila kumeza udongo. Nikitoboa udongo wake kwa kijiti ili mwanga uingie, hakukimbia. Alikuja. Alikuja polepole kama mzee anayekwenda kufunga mlango ulioachwa wazi na wajukuu, akasukuma udongo kwa kifua na shavu, akaziba tundu, akarudi chini. Nikatoboa tena, akaja tena, bila hasira na bila kuchoka. Hapo nikajua nilichokosea. Adui wangu hapaswi kukimbia. Adui wangu hapaswi hata kuonekana. Mchezaji ataona migomba ikitikisika na kuanguka, na atakachoweza kufanya ni kufungua tundu mahali panapofaa na kusubiri mwenye nyumba aje kulifunga. Siku ya tatu nilikuta kisanduku kina tundu safi la duara upande wa chini, na sakafu ya stoo ina rundo jipya la udongo. Wiki hiyohiyo mgomba mmoja wa Mama Kokugonza ulilala. Alikuja mlangoni, hakupandisha sauti. "Mgeni wako amekula," alisema. "Sasa na wewe fanya kazi."

Nikafanya kazi. Nilitupa ya kwanza yote, nikaanza upya. Safari hii nilitaka fuko mwenye sura, na kwa kuchora namjua mtu mmoja tu, Sudi, rafiki yangu wa chuo, mtu wa Tanga mwenye mkono wa ajabu na ulimi wa ajabu zaidi. Tulipokuwa tukiishi pamoja hakupitisha sentensi yangu bila kuinyoosha. Nilimtumia ujumbe kwamba sina cha kumlipa sasa, nitamlipa gemu ikisimama, na nikamwandikia ninachotaka: *fuko kubwa, lenye meno marefu ya rangi ya chungwa, linalokula migomba, la kutisha lakini la kuchekesha*. Akajibu kwamba wazo ni la kichaa, analipenda. Nikasubiri. Migomba ilikuwa tayari inaanguka vizuri, kibanja kilikuwa tayari, matundu yalikuwa yanafunguka. Kilichobaki ni adui mwenyewe. Kwenye kibanja halisi, nje ya dirisha langu, kahawa zilizopandwa kati ya migomba zilikuwa zimeanza kubadilika rangi.

Picha zilifika mchana, tukiwa barazani. Nilikuwa na simu ya Rwegasira mkononi nikirekodi sauti, maana nilitaka mlio wa kisu kikipita kwenye ndizi mbichi, na Mama alikuwa akimenya. Nikaweka simu hiyo chini bila kuizima, nikafungua picha kwenye kompyuta, na wote wakainama kutazama: Mama, wanawake wa maharage, na Nduwayo aliyekuwa ameleta mzigo. Sudi alikuwa amechora kwa ustadi mkubwa mfuko. Mfuko wa kubebea vitu, mkubwa, wa mistari, kama ule niliorudi nao kutoka Dar, wenye meno marefu ya rangi ya chungwa kwenye zipu, ukitembea kwa miguu miwili na kutafuna mgomba. Alikuwa ameuchora ukija mbele, ukienda kando, ukilala na ukikasirika. Alikuwa amemaliza kazi yote.

Nilimpigia palepale kwa simu yangu ndogo. Sudi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole wa watu wa kwao, "Ndugu yangu, umeandika fuko kubwa *lenye* meno. Fuko lenye ni mfuko. Ungemtaka mnyama, ungeandika fuko mkubwa *mwenye* meno. Mimi nimechora ulichoandika." Nilimwambia kwamba huku kwetu hata ng'ombe akiwa mkubwa anaweza kuwa *lenye*, na kila mtu anaelewa. Akasema ndiyo maana huku kwetu mifuko inakula migomba. Nilikuwa nimeiweka simu kwenye spika. Mama Kokugonza aliposikia hayo akaanza kucheka, kuanzia chini kama anayekohoa, akapanda, akakatika, akautazama ule mfuko wenye meno, kisha akamwagika mpaka kisu na ndizi vikamtoka mikononi.

Nilikwenda stoo nikakaa juu ya kisanduku kitupu. Sudi alikuwa na kazi nyingine, hangeweza kuanza upya kabla kahawa haijaingia, na mimi sikuwa na mkono wa kuchora kama wake. Mtu mwingine angefungasha. Mimi nilikaa nikawaza, na sioni sababu ya kujificha nyuma ya unyenyekevu: wazo lililonijia pale halikumjia mtu yeyote Japani. Kama nina mfuko uliochorwa vizuri hivyo, umpate mwenyewe. Fuko atakuwa na fuko. Nilichora mnyama mmoja tu, rahisi, kichwa na kifua kinachotokeza tunduni, kazi niliyoiweza, na ule mfuko wa Sudi ukawa hazina yake huko chini. Kila anachokuibia kinaingia humo: mkungu, jembe, kuku, redio, hata godoro. Unauona mfuko chini ya skrini ukivimba na kutafuna kwa furaha. Na nilipoifungua simu ya Rwegasira kutafuta mlio wa kisu, nikakuta kicheko. Sikusikiliza mara mbili. Kila mara fuko akifunga tundu kabla hujamgusa, anacheka kicheko hicho kutoka chini ya ardhi.

Nilimwomba Mama ruhusa kama inavyostahili. Alivaa miwani, akacheza barazani, akasikia kicheko chake kikitoka tunduni, akafurahi kama mtoto. Kisha akauliza mwishoni inakuwaje. Nikamweleza kwa fahari kwamba mchezaji akishinda ngazi zote anampiga fuko jembe la mwisho, fuko anakufa, gemu imekwisha.

Akavua miwani. "Kwa hiyo mimi nacheka, halafu wananiua?"

Nikasema si yeye, ni fuko. Akasema fuko hana kicheko, kicheko ni chake. "Nimekuazima kicheko, mwanangu. Kitu cha kuazima hakiuawi." Alisema bila ukali, akarudi kwenye ndizi zake. Lakini siku hiyohiyo nilikuwa nimeona gunia la kwanza la kahawa likishushwa kwa jirani. Mwisho niliokuwa nao ulikuwa umekamilika. Kuubadilisha kulihitaji siku ambazo sikuwa nazo, na Mama Kokugonza hakuwa mtu wa kurudi nyuma juu ya sharti lake. Wala hakurudi. Magunia yalianza kuingia stoo nikiwa ndani. Yalipangwa ukuta wa kushoto, kisha wa kulia, kisha yakaanza kunifuata katikati, nami niliandika mwisho mpya nikiwa nimekaa juu ya gunia na kompyuta juu ya gunia jingine, wapagazi wakinipita juu ya kichwa wakiniuliza kama nami nitapimwa kilo. Siku nilipomaliza mlango ulikuwa umezibwa. Niliipitisha kompyuta dirishani kwa mikono ya Mama mwenyewe, kisha nikapita mimi. Sikulala na kahawa hata mara moja. Tangu usiku wa gunia la kwanza alikuwa amenihamishia sebuleni kulala.

Rwegasira alicheza ile mpya akiwa amesimama, akitaka kuonyesha kwamba hana muda. Baadaye akakaa. Baadaye akafunga nusu ya mlango wa duka. Fuko alimchukulia kuku, redio na godoro, akamcheka, naye akawa anamtukana kwa Kihaya, lugha anayoitumia kwa mambo mazito tu. "Mshenzi huyu ana akili," alisema hatimaye. Nikauliza kama ananisema mimi. "Fuko," akasema, bila kuinua macho. Kutoka benchi lake gemu ikaenda Kayanga, ikavuka hadi Igurwa na Kaisho, ikapanda mabasi, na duka moja kubwa la pembejeo likaomba jina lake liandikwe kwenye jembe la mchezaji, likanilipa kwa hilo. Vijana wakaanza kuniita Fuko. Mwanzoni lilikuwa tusi. Leo wapo watoto wa shule wanaodhani ndilo jina nililobatizwa.

Senene waliposhuka mwaka ule, nilichukua lile fuko langu la mistari na kuanza kulipa. Nilianzia stendi ya Kayanga, nikamtumia Sudi ndoo ya senene waliokaangwa, kwa kuwa alikuwa amesema kwa dhihaka kwamba ndiyo malipo pekee anayoyategemea kutoka kwetu. Pesa yake ilikuwa imeshatangulia. Alinipigia baadaye kusema hali wadudu, na alipopiga tena alitaka kujua kama kuna ndoo ya pili. Rwegasira nilimpelekea simu mpya iliyofungwa, akaigeuza huku na huku, akaniuliza nani aliniambia alikuwa ananidai, kisha akaiweka mfukoni, wala hakuipanga kwenye kabati la kuuzia. Ile iliyopasuka, niliyokuwa nimemrudishia, akanipa tena, akasema nimpe mwenye kicheko. Kaisho nilifika na fuko mzima ndani ya ndoo yenye mfuniko, niliyemtega mwenyewe kibanjani kwa Mama kwa kumfungulia tundu na kusubiri. Nduwayo alimtazama kwa makini. "Siye huyu," alisema. "Wangu alikuwa mnene." Lakini alimpokea, na nilipoaga nikamsikia akimwambia mkewe kwamba kijana huyu analipa.

Jioni nilimkuta Mama Kokugonza barazani. Nilimwamkia, nikampa simu, nikakaa karibu. Hakutaka nimsaidie. Alipoteza kibanja chote, akaanza upya, akajifunza kusubiri, na hatimaye akampata fuko kifuani mwake akiwa anaziba tundu la mwisho. Fuko hakufa. Mfuko ulifungua zipu, meno yakaachana, vitu vyote vikatoka vikitembea kila kimoja kwa mwenyewe: kuku kwa kuku wenzake, redio dirishani, godoro kitandani, mikungu ikapanda migombani. Kibanja kikasimama chote. Fuko akakitazama, akacheka, akarudi chini, na udongo ukawa unasogea taratibu kuelekea ukingo wa skrini, kwenda kwingine. Mama naye alikuwa anacheka, hata sikuweza kusema kipi kinatoka kwenye simu na kipi kinatoka kwake.

"Haya," alisema, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Sikudai, hunidai."

Akabonyeza kuanza upya.